Ndege Mdogo Asiyekula Mtama: Tumjue Mchunguza Majani



Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya ndege mmoja mdogo sana. Najua wengine watauliza: mbona ndege, na sisi tuna shida ya maji, ya karo na ya barabara? Tunaomba mtuvumilie. Kutomjua ndege huyu kulikaribia kukigharimu kikundi kimoja miti yake yote ya kando ya kijito. Na sisi tuliokwenda kuwashauri tulikuwa na makosa yetu katika jambo hilo. Ndiyo maana tunaandika.

JAMBO LILIVYOANZA

Kikundi hicho ni cha akina mama pamoja na wazee wachache. Wanaishi sehemu kavu, mahali ambapo mahindi hayaaminiki, kwa hivyo watu wamerudia mtama wa zamani. Msimu uliotangulia ndege waliwamaliza kabisa. Mama mmoja alivuna debe mahali alipotarajia gunia.

Mwezi wa Oktoba mkutano ukaketi na kuamua hivi: migunga yote iliyo kando ya kijito ikatwe, ichomwe makaa, na pesa ziingie kwenye mfuko wa kikundi. Sababu ilikuwa wazi kwao. Kila asubuhi migunga hiyo hujaa ndege wadogo wakirukaruka. Basi hao ndio wezi, na hapo ndipo nyumbani kwao.

Walipotuuliza maoni, tulikubali upesi. Hatukwenda hata kuangalia. Tulisema tu kwamba miti ni yao na shauri ni lao. Wiki iliyofuata mgunga wa kwanza, ule mkubwa kuliko yote, ukawa umelala chini.

Mwezi wa Novemba tulirudi kwa semina ya siku mbili. Usiku ule kulikuwa na ukungu na mwezi haukuwako. Jengo tulilolala lilikuwa na taa kubwa ya usalama iliyowaka mpaka asubuhi. Tulipoamka, mtoto mmoja akatuletea kitu mkononi, amekiokota chini ya ukuta wenye taa. Alikuwa ndege mdogo, wa rangi ya kijani kibichi kilichofifia, macho amefumba, bado anapumua.

Karani wa kikundi akasema, "Ndiye huyu mwizi wetu. Wako wengi pale mtoni."

Mzee mmoja akamchukua, akamgeuza kuelekea mwangaza, akamtazama mdomo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, mdomo huu utavunja punje ya mtama namna gani? Huu ni kama sindano."

Hakuna aliyejibu. Tulimweka ndege kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, mahali pa giza na kimya. Baada ya saa moja hivi tulifungua, akaruka moja kwa moja mpaka kwenye mgunga. Lakini neno la yule mzee lilibaki, na lilitufanya tuanze kujifunza.

KWANZA TAZAMA MDOMO

Hili ndilo somo la kwanza, na mtoto wa darasa la pili anaweza kulishika. Mdomo wa ndege ni kama chombo cha fundi. Ukiona chombo, utajua kazi.

Ndege anayekula nafaka ana mdomo mfupi, mnene, wenye nguvu, kama koleo. Ndivyo walivyo kwelea-kwelea na ndege wale wanaofuma viota vya kuning'inia. Ndege anayekula wadudu wa majani ana mdomo mwembamba uliochongoka, kama kibano cha kutolea mwiba. Hawezi kuvunja punje ngumu hata akitaka. Ndege anayefyonza maji ya maua, kama chozi, ana mdomo mrefu uliopinda.

Yule wa chini ya taa alikuwa na mdomo wa kibano.

JINA LAKE

Katika vitabu vya Kiingereza ndege huyu anaitwa Willow Warbler. Wataalamu wanamwita Phylloscopus trochilus. Neno hilo la kwanza limetokana na Kigiriki, na maana yake ni mwenye kuchunguza majani. Vijiji vingi havina jina lake peke yake. Watu humweka pamoja na "vile vindege vidogo" basi. Sisi katika makala hii tutamwita mchunguza majani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake mchana kutwa.

DALILI ZA KUMTAMBUA

Ukubwa. Urefu wake ni sentimita 11 au 12 hivi, kutoka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Panga visanduku viwili vya kiberiti ncha kwa ncha, utaona anazidi kidogo tu. Uzito wake wa kawaida ni gramu 9 hivi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari. Ukiweka mia moja kwenye mzani hawafiki kilo.

Rangi. Mgongoni ni kijani kilichochanganyika na kahawia. Kifuani na tumboni ni weupe wenye umanjano. Wale waliozaliwa mwaka huohuo huwa na umanjano mwingi zaidi wanapofika kwetu. Wale wanaotoka mbali sana upande wa mashariki ya Urusi ni wa kijivu zaidi, na manjano ni kidogo. Kwa hivyo usishangae ukiona wawili hawafanani sawasawa.

Uso. Juu ya jicho kuna mstari mweupe wenye umanjano, kama unyusi. Mstari huu ni dalili kubwa. Hana duara jeupe kuzunguka jicho.

Miguu. Mara nyingi ni ya rangi ya kahawia hafifu, si myeusi.

Mwenendo. Hatulii. Anaruka kutoka kitawi hadi kitawi, anachungulia chini ya jani, anadonoa, anaruka tena. Mara nyingine husimama hewani kwa sekunde moja mbele ya jani, au humfuata mdudu anayeruka. Utamwona zaidi juu kwenye majani, si chini kwenye udongo. Pia ana ukali kidogo, kwa maana huwafukuza ndege wengine wadogo kwenye tawi analolipenda.

Sauti. Huita "hu-iit", sauti laini inayopanda mwishoni, kama mtu anayeuliza swali. Kuelekea wakati wa kuondoka, kati ya Februari na Aprili, utamsikia pia akiimba. Wimbo wake huanza juu halafu huteremka polepole, unalainika na kuishia chini, kama maji yanayoshuka kwenye mawe.

WANAOFANANA NAYE

Hapa ndipo wengi wanakosea, hata sisi bado tunakosea.

Yuko yule ndege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye huenda kwa makundi kwenye miti ya matunda. Huyo ni mwenyeji wetu wa mwaka mzima. Angalia jicho: penye duara, si mchunguza majani.

Katika misitu ya milimani kuna ndugu yake wa karibu, mwenye rangi ya kahawia zaidi usoni na mgongoni. Naye ni mwenyeji, haondoki. Upande wa magharibi ya nchi hupita mgeni mwingine, koo lake manjano kabisa na tumbo jeupe safi, lakini ni wachache. Na yuko mwingine anayefanana naye kama pacha, mwenye miguu myeusi, ambaye kwetu Kenya ni adimu.

Kuchanganya ndege hawa si aibu. Huko Uingereza walichanganywa kwa miaka mingi. Aliyewatenganisha vizuri ni Gilbert White, kasisi wa Kianglikana aliyeishi katika kijiji cha Selborne. Mwaka 1768 aliandika katika barua kwamba wale waliodhaniwa kuwa ndege mmoja ni ndege watatu, na kilichomwongoza ni nyimbo zao tatu tofauti. Hakuwa na darubini kama za leo. Alikuwa na masikio, daftari na subira, vitu ambavyo kila kikundi chetu kinavyo.

ANATOKA WAPI?

Mchunguza majani hazaliwi Kenya. Huzaliwa kaskazini ya dunia, katika nchi za Ulaya na Urusi, kutoka Ireland hadi mwisho kabisa wa Siberia upande wa mashariki. Huko hufika mwezi wa Aprili au Mei. Jike hujenga kiota chini kwenye nyasi, chenye paa la mviringo na mlango wa pembeni, na ndani hutandika manyoya. Hutaga mayai sita hivi. Huyaatamia muda wa karibu wiki mbili, kisha makinda hulishwa wiki mbili nyingine, baba na mama wote wakisaidiana, kabla hawajatoka kiotani.

Kwa nini asikae huko? Kwa sababu baridi ikija, theluji hufunika kila kitu na wadudu hupotea. Ndege anayekula wadudu atakufa njaa. Na kwa nini asikae kwetu moja kwa moja? Kwa sababu huko kaskazini, Juni na Julai, mchana ni mrefu sana. Katika sehemu za mbali jua halitui kabisa kwa wiki kadhaa. Wadudu hujaa, na mzazi ana saa nyingi za kuwatafutia makinda chakula. Kwa hivyo anakwenda huko kulea, na anakuja huku kuishi. Miezi anayokaa Afrika, pamoja na safari, ni mingi kuliko ile anayokaa kwao kaskazini. Ukifikiri vizuri, ni vigumu kusema ni ndege wa nani.

Jambo moja lilitushangaza. Si wote wanaokuja Kenya. Wale wa Uingereza na magharibi ya Ulaya huenda Afrika Magharibi. Wale wa kaskazini ya Skandinavia na wa Urusi hushuka Afrika Mashariki na kusini zaidi. Katikati ya nchi ya Sweden makundi haya mawili yanapakana. Majirani wa msitu mmoja, mmoja hushika njia ya Afrika Magharibi na mwingine njia ya kwetu, kila mmoja kwa kufuata mwelekeo aliozaliwa nao.

SAFARI YA USIKU

Husafiri usiku, mchana hupumzika na kula. Husaidiwa na nyota, na pia na nguvu ya sumaku ya dunia, ileile inayogeuza mshale wa dira. Kinda wa mwaka wa kwanza haongozwi na baba wala mama. Huja peke yake katika njia ambayo hajawahi kuiona.

Kabla ya kuvuka jangwa hula sana na kujiwekea mafuta chini ya ngozi. Wataalamu wakimshika hupuliza manyoya ya kifuani polepole, wakayaona mafuta hayo ya manjano. Hiyo ndiyo petroli yake. Ikiisha kabla ya kufika penye miti na wadudu, safari imeishia hapo.

Wanaotoka mbali kabisa ni wale wa mashariki ya Siberia. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vidogo sana walivyowafunga ndege wachache wa huko. Walikuta kwamba ndege hao wa gramu 10 hivi husafiri kilomita 13,000 hivi mpaka Afrika Mashariki. Hiyo ni safari ya kwenda tu, bado kurudi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 500. Basi fikirieni safari hiyo mara ishirini na sita, kwa mbawa.

Kwetu huanza kuonekana mwisho wa Septemba. Wengi hupita Oktoba na Novemba, wakati wa mvua fupi, wadudu wanapokuwa wengi. Wengine hukaa nasi, wengine huendelea mpaka Tanzania na kusini zaidi. Machi na Aprili hupita tena wakirudi, na wa mwisho huondoka mwanzo wa Mei.

Sasa mtaelewa habari ya ile taa. Usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wanaosafiri hupoteza mwelekeo, na wakiona mwanga mkali huuendea. Jambo hili linajulikana sana huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakikusanyika kwenye hoteli ya Ngulia karibu kila mwaka, Novemba na Desemba, usiku wa ukungu. Ndege hushuka kwenye taa, hunaswa alfajiri kwa nyavu laini, huvishwa pete nyepesi mguuni yenye namba, hupimwa, kisha huachiliwa. Mamia ya maelfu ya ndege wamevishwa pete pale. Mchunguza majani ni mmoja wao, ingawa wako wengine wanaonaswa kwa wingi kumzidi.

MANYOYA MAPYA MARA MBILI

Ndege wengi hubadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka. Mchunguza majani hubadilisha yote mara mbili, na ni ndege wachache sana duniani wanaofanya hivyo. Mara ya kwanza ni kwao, baada ya kulea. Mara ya pili ni huku Afrika, kati ya Desemba na Machi hivi.

Hili linawahusu ninyi kwa njia mbili. Kwanza, ukimwona Januari akiwa amechakaa, rangi imefifia na mkia umekatika, usidhani ni ndege mwingine. Anavua koti kuukuu. Ukimwona tena mwisho wa Machi atakuwa msafi. Pili, kuotesha manyoya kunahitaji chakula kingi. Kwa hivyo miezi anayokaa kwetu si ya kupumzika tu. Akikosa miti yenye wadudu hapa, ataanza safari ya kurudi na mbawa dhaifu.

TULICHOKIONA KWENYE MTAMA

Tuwarudishe sasa kwa kile kikundi. Baada ya neno la mzee, mwenyekiti aliomba kazi ya kukata ingoje. Wengine walinung'unika, kwa kuwa mnunuzi wa makaa alikuwa ameahidi pesa. Mama mmoja akasema waziwazi, "Nyinyi wa ofisi mlisema sawa, sasa mnasema ngoja. Mtoto wangu atalipiwa karo na ndege?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikubali kosa letu mbele ya mkutano.

Tulipatana hivi. Januari, mtama utakapoanza kutoa punje, wanachama watapeana zamu ya asubuhi, wawili wawili, wakiwa na daftari ya mistari miwili: ndege walioonekana kwenye masuke, na ndege walioonekana kwenye migunga. Hawakuhitaji jina la ndege. Waliandika tu "mdomo mnene" au "mdomo mwembamba".

Daftari ilipojaa tukaisoma pamoja. Kwenye masuke karibu wote walikuwa wa mdomo mnene, na walikuja kwa makundi kutoka upande wa matete ya bwawani, si kutoka kwenye migunga. Kwenye migunga wengi walikuwa wa mdomo mwembamba, wakidonoa majani. Mara mbili tu mchunguza majani aliandikwa kuwa ameingia kwenye mtama. Mara zote mbili alikuwa kwenye majani, si kwenye suke. Waliokwenda kuangalia walikuta majani hayo yana vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

Kumbe kikundi kilikuwa kinataka kukata nyumba ya mtu asiye na hatia, na wezi wanalala kwingine.

JE, ANATUSAIDIA?

Chakula chake ni wadudu wadogo: vidukari, viwavi wadogo, nzi, mbu, mende wadogo wa majani, pamoja na buibui. Mara nyingine huongeza matunda madogo ya porini. Ndege wa uzito ule, anayejitafutia mafuta ya safari na manyoya mapya, hana budi kula tangu alfajiri hadi jioni.

Lakini tusiwadanganye. Hatusemi kwamba atamaliza wadudu katika shamba lako. Pia hula buibui, ambao wenyewe ni wawindaji wa wadudu. Viwavijeshi wakivamia, ndege huyu peke yake hatakuokoa. Tunachosema ni kwamba ni kibarua mmoja kati ya vibarua wengi wanaofanya kazi bila malipo, na kwamba hana deni la mtama kwako.

Na hali ya ndege hawa si salama kila mahali. Kusini ya Uingereza wamepungua sana tangu miaka ya 1980, ingawa Scotland hawakupungua hivyo. Ndege anayeishi katika nchi nyingi anaweza kuumizwa katika yoyote kati ya hizo. Sisi hatuwezi kulinda misitu ya Siberia. Ile migunga ya kijitoni tunaiweza.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Msikate kabla ya kuangalia. Wekeni daftari kama ile, wiki mbili zinatosha kuanza. Tazameni ndege anayekula mazao ni yupi na anatoka wapi.

2. Acheni miti ya kienyeji kando ya mito na mipaka. Migunga huvutia wadudu wengi, na hao ndio chakula chake. Mti wa kigeni mmoja mmoja shambani si vibaya, lakini hauwezi kujaza nafasi ya kichaka chote cha asili.

3. Dhidi ya walaji wa nafaka, pandeni mtama kwa wakati mmoja jirani kwa jirani, ili hasara isimwangukie mmoja aliyewahi au aliyechelewa. Peaneni zamu za kufukuza asubuhi na jioni, na vuneni mara mtama unapokauka.

4. Msitege ndege kwa ulimbo wala kwa nafaka yenye sumu. Ulimbo haujui mdomo mnene na mwembamba. Sumu nayo huingia kwenye kuku, kwenye mbwa na hata kwenye sufuria ya mtu aliyeokota ndege wa kupika.

5. Punguzeni kunyunyiza dawa ovyo. Ukiona vidukari kwenye mistari michache, shughulikia mistari hiyo tu. Dawa ya shamba zima huua chakula cha ndege pamoja na wadudu wema.

6. Zungumzeni na watoto wenye manati. Msiwagombeze tu. Wapeni kazi ya daftari. Katika kile kikundi, mtoto aliyeokota ndege chini ya taa sasa ndiye anayewafundisha wenzake habari ya mdomo.

7. Novemba na Desemba, usiku wa ukungu, zimeni taa za nje zisizo za lazima, au zielekezeni chini. Ukimkuta ndege ameanguka, mweke kwenye sanduku lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, kisha mwachilie akichangamka.

8. Mkimwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, andikeni namba yote, tarehe na mahali, mpeleke habari Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Akiwa hai, someni namba kwa haraka na kumwacha aende. Pete msiitoe.

MWISHO

Migunga ya kikundi kile bado imesimama, isipokuwa ule mmoja. Pesa za makaa zilikosekana na karo ilitafutwa kwa njia nyingine, kwa shida. Mtama uliliwa kiasi, lakini zamu za kufukuza zilisaidia kwa kuwa sasa walijua wezi wanatoka upande wa bwawa. Kwenye kisiki cha mgunga mkubwa wamepanda miche mitatu ya mgunga. Itachukua miaka mingi kufikia kimo cha ule uliokatwa, na kila tukipita pale tunakumbuka kwamba tulisema "sawa" bila kwenda kutazama.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika eneo letu, ni ndege gani tunawaita waharibifu? Tumewaona kwa macho yetu wakila mazao, au tumesikia tu?

2. Taja ndege watatu wa hapa wenye mdomo mnene na watatu wenye mdomo mwembamba. Kila mmoja anakula nini?

3. Je, lugha yetu ina jina la mchunguza majani? Waulizeni wazee, hasa wale waliochunga mifugo wakiwa watoto.

4. Ni miti gani ya kienyeji iliyobaki kando ya mto wetu? Nani anaiangalia?

5. Je, kikundi chetu kimewahi kuamua jambo kwa haraka kisha kikajuta? Tulijifunza nini?

Mkifanya daftari ya ndege, tuandikieni mtuambie mlichokiona. Tutafurahi kukichapisha ili vikundi vingine vijifunze.